Karafuu, Ngumi na Mnunuzi Mmoja

Kuna ubishi ninaoukuta kila nikirudi Pemba, na sasa umeanza kuusogeza pembeni hata ule wa Simba na Yanga. Vijana wamegawanyika pande mbili, wa ngumi na wa MMA. Wa ngumi husema mchezo wa watu wazima ni ule wa mikono miwili, mwamuzi na kengele. Mtu akianguka anahesabiwa, akiinuka mnaendelea. Wa MMA hucheka. Bondia, wanasema, ukimshika mguu tu habari yake imekwisha. Halafu humtaja Khabib Nurmagomedov, na Khabib akishatajwa barazani Chake Chake mjadala hukwama, maana huyo, licha ya kumaliza mapambano 29 bila kushindwa hata moja, aliacha Oktoba 2020 kwa kuwa alimwahidi mama yake kwamba hatapigana tena bila baba yake, aliyekuwa amefariki mwaka huohuo. Mtu kama huyo utamsema kwa lipi?

Nami hukaa nikasikiliza, nikanywa kahawa yangu. Ubishi wenyewe naupenda. Ila kazi ya uandishi wa habari imenizoesha kuuliza swali la kuudhi: pesa inapita wapi? Ukiliuliza hapo, unaona kwamba sisi tunabishania nani atampiga nani, na wenye biashara hilo wala haliwasumbui. Wao wanashindania nani atakuwa na haki ya kumuuza mpiganaji, kwa muda gani, na nani ataruhusiwa kuiona hesabu. Ndiyo maana naona tunaposema ngumi na MMA zinashindana, tungejiuliza kwanza jambo la nyuma yake: je, ni halali kumlipa mtu aumie mbele yetu? Na kama ni halali, anunuliwe vipi?

Swali hilo Mpemba ana haki ya kulijibu kuliko watu wengi wa Las Vegas. Sisi tumekulia kwenye karafuu.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, na kwa muda mrefu mkulima hajakuwa na uhuru wa kumuuzia amtakaye. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, CGA, haki ya kuwa mnunuzi pekee. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakinunua na kusafirisha waligoma, chama cha Congress kule India kikawaunga mkono kwa kuzisusia karafuu za Zanzibar, na ugomvi haukuisha mpaka mapatano ya 1938. Baada ya Mapinduzi likaja Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoanzishwa 1968, na mkulima akabaki na mlango mmoja wa kuuzia. Nje ya mlango huo yalikuwepo magendo: mashua usiku, bahari ya Pemba na Kenya, Shimoni, Mombasa. Kule bei ilikuwa nzuri, lakini ulikuwa unaweza kudhulumiwa usiwe na wa kumshitakia, au ukakamatwa ukapoteza magunia, mashua na uhuru wako.

Hizo ndizo njia mbili za kununua jasho la mtu. Sasa tazama ngumi na MMA.

Ngumi za kulipwa ni kama yale magendo. Sisemi ni haramu. Nasema soko lake halina mwenyewe. Kuna mikanda minne mikubwa, WBC, WBA, IBF na WBO, na kila chama kina bingwa wake na orodha yake. Kuna mapromota wanaochukiana hadi mabingwa wawili wanazeeka bila kukutana. Kuna meneja, kuna mpatanishi, kuna mtu wa tiketi, na kila mmoja anakata chake. Mpenzi wa ngumi anateseka, haelewi bingwa wa dunia ni nani. Lakini katika vurugu hiyohiyo, bondia mkubwa anaweza kukaa kitako akasema: nani anaongeza? Floyd Mayweather alifanya hivyo mpaka akawa promota wa nafsi yake. Agosti 2017 alipopigana na Conor McGregor, aliyetoka MMA na kukatizwa katika raundi ya 10, zaidi ya nyumba milioni 4 za Marekani zililipia kutazama. McGregor usiku ule alipata pesa ambazo kizimba hakikuwa kimewahi kumpa.

MMA kwa hapa duniani, ukiondoa kampuni ndogondogo, maana yake ni UFC. Ndugu wawili wa familia ya Fertitta, pamoja na Dana White, waliinunua 2001 kwa dola milioni 2, wakati ikiwa hoi. Miaka 15 baadaye, 2016, ikauzwa kwa dola bilioni 4 hivi. UFC ndiyo promota, ndiyo inayopanga nani apigane na nani, ndiyo inayotoa mkanda, na ndiyo inayoweza kukunyima vyote vitatu. Kwa mtazamaji ni raha tupu: walio bora wanakutana, bingwa ni mmoja, hakuna kuzungushana. Kwa mpiganaji, hadithi ni nyingine. Kesi iliyofunguliwa 2014 na wapiganaji wa zamani akiwemo Cung Le ilitoa hadharani nyaraka zilizoonyesha kwamba mgao wao wote pamoja ulikuwa karibu moja ya tano ya mapato ya kampuni, au chini ya hapo. Katika ngumi kubwa, mabondia wenyewe huchukua zaidi ya nusu. Kesi iliisha kwa suluhu ya dola milioni 375, na mahakama ya Nevada ikaiidhinisha Februari 2025.

Mfano ulio karibu na mioyo ya watu wetu ni Francis Ngannou. Mtoto wa Batié, Cameroon, aliyechimba mchanga akiwa bado mdogo, akavuka jangwa na bahari, akafika Paris 2013 hana pa kulala. Alikwenda kutafuta ngumi. Wakamwambia mwili huu ni wa MMA, akakubali kwa sababu ndiyo riziki iliyokuwa mbele yake. Machi 2021 akawa bingwa wa UFC wa uzito wa juu. Januari 2022, akiwa amejeruhiwa goti, alimshinda Ciryl Gane na malipo yaliyotangazwa yakawa dola 600,000. (Najua. Kwa hesabu za Wete hizo ni pesa za kununua mtaa na msikiti wake. Lakini alikuwa mtu mwenye ngumi nzito kuliko wote duniani, na kampuni yake ilikuwa ikihesabu kwa mabilioni.) Mkataba ulipokwisha, Ngannou alikataa mwingine. Na alichokitaka mezani, kwa maneno yake mwenyewe hadharani, hakikuwa pesa tu: alitaka bima ya afya kwa wapiganaji, mtu wa kuwasemea wapiganaji katika vikao, na ruhusa ya kuwa na wadhamini wake. Hakupewa. Januari 2023 akaondoka, na Oktoba 28 mwaka ule alikuwa Riyadh ulingoni na Tyson Fury, katika pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa. Raundi ya 3 akamwangusha.

Nililitazama katika banda la kuonyesha mpira, na kelele ya usiku ule sijaisikia hata siku ya fainali. Fury alipewa ushindi kwa pointi za majaji waliogawanyika. Watu wa MMA walisema wameibiwa; watu wa ngumi walinyamaza kwa aibu mpaka Machi 2024, Anthony Joshua alipomzimisha Ngannou raundi ya 2, nao wakaanza kutembea vifua mbele tena. Mimi nilibaki na wazo moja. Usiku mmoja tu wa lile soko la vurugu ulimlipa kuliko miaka yake ya utii kwenye soko la mnunuzi mmoja. Magendo yalilipa.

Kwa hiyo jibu ni kwamba mnunuzi mmoja ni dhulma? Hapo ndipo historia yetu inaponizuia kuropoka. ZSTC ni mnunuzi mmoja, na sera iliyotangazwa tangu 2011 ni kwamba mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Asilimia 80! Zamani hakikuwa hicho. Miongo kadhaa mkulima alikuwa akiachiwa sehemu ndogo tu, na ndiyo maana mashua zilikuwa zikivuka. Bei ilipopanda, hamu ya kuvuka ikapungua. Mlango ulibaki mmoja uleule. Kilichobadilika ni kwamba serikali ilihitaji karafuu zirudi mlangoni na ilihitaji watu wa Pemba wairidhie, na magendo yalikuwa yameshaionyesha bei ya kweli. Mkulima alikuwa na pa kukimbilia, japo ni gizani. Mpiganaji wa UFC hakuwa na pa kukimbilia mpaka Wasaudi walipofungua mfuko. Na hata hapo alihitaji kuwa Ngannou. Yule wa mapambano ya mwanzo jioni, ambaye hata jina lake mtangazaji analikosea, hana Riyadh.

Seneta mmoja wa Marekani anastahili kutajwa hapa, John McCain. Miaka ya 1990 ndiye aliyeipiga vita MMA kwa nguvu, akiifananisha na kupiganisha majogoo, ila majogoo yenyewe ni watu. Na ndiye huyohuyo aliyesukuma sheria ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali, ya kuwalinda mabondia. Sheria hiyo inamtaka promota amfunulie bondia ni kiasi gani anaingiza kutokana na pambano lake, na inazuia promota kuwa wakati huohuo meneja wa bondia anayemuuza. Mambo madogo ya karatasi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama kituoni na gunia lake huku mwingine akisoma mizani anajua ukubwa wa jambo la kuonyeshwa hesabu. MMA haimo katika sheria hiyo. McCain alitaka kuizika, haikufa, na ikakua ikiwa nje ya ulinzi aliowajengea jirani zake.

Mpaka hapa mfano wa karafuu umenibeba vizuri. Sasa unafika mahali unaniangusha, na nadhani mahali hapo ndipo penye swali lenyewe.

Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake huvunjika. Kila msimu wapo wanaoanguka. Wengine huvunjika mguu, wengine uti wa mgongo, wengine hufa. Hili Pemba si habari, ni sehemu ya msimu, na ZSTC imekuwa ikitoa fidia kwa walioanguka. Ukiwaambia watu wa barazani kwamba ngumi ni ukatili, jibu la haraka ni hilo: na kuchuma je? Kila kazi ina hatari yake. Baharia anazama, dereva wa bodaboda anagongwa, mchumaji anaanguka. Bondia ana ubaya gani zaidi?

Nimelizungusha jibu hili muda mrefu kwa sababu ni zuri. Ila halisimami. Mchumaji akianguka, karafuu zinamwagika, watu wanaacha kazi, mwenye shamba ana hasara na mnunuzi ana hasara. Hakuna aliyetaka aanguke. Ingewezekana kuchuma msimu mzima bila hata mmoja kuanguka, kila mtu angefurahi. Mpiganaji akianguka, hapo ndipo biashara imelipwa. Lile banda lote liliruka Fury alipoanguka, na mimi nikiwemo. UFC hutoa bonasi kwa pambano bora la usiku na kwa ushindi uliovutia zaidi, na ushindi unaovutia kwa kawaida ni ule unaomwacha mtu chini. Kwa mchumaji kuanguka ni ajali ya kazi. Kwa mpiganaji, kuanguka kwa mtu ndiyo bidhaa, leo cha mwenzake, kesho chake.

Hilo halinifanyi niseme mchezo ni haramu. Wapo wanaosema, na wana dalili yao: Mtume alikataza kupiga uso, na mzee mmoja wa mtaani kwetu hukumbusha hilo kila mara, akamalizia, "Wanangu, kuangalia nako ni kushiriki." Namheshimu na naona ana nusu ya hoja. Nusu nyingine ni kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, aliyefunzwa, anayejua anachokiingia, ana haki ya kuutumia mwili wake apate heshima ambayo jembe halimpi. Ninachosema ni kwamba tofauti ile inaongeza deni badala ya kulipunguza. Kama tunamlipa fidia ambaye kuanguka kwake hakukumfaa mtu, vipi tumwache ambaye kuanguka kwake kumetulisha sote? UFC ina bima ya majeraha ya mazoezini na ya pambano tangu 2011, na hilo tulitaje kwa haki. Lakini ubongo haupeleki bili yake Jumamosi usiku. Daktari Harrison Martland aliandika mwaka 1928 juu ya mabondia waliolewa ngumi, wanaoyumba na kusahau, miaka baada ya mapambano yao. Muhammad Ali alipigana mara ya mwisho Desemba 1981, maradhi ya Parkinson yakatangazwa 1984, akaishi nayo mpaka 2016. Kufika wakati huo promota ana jina jingine la kuuza.

Katika jambo moja MMA inaipita ngumi kwa utu, na washabiki wa ngumi hawapendi kulisikia. Ndani ya kizimba mtu ana haki ya kugonga mkeka. Akibanwa shingo au mkono, anapiga kwa kiganja mara mbili tatu, imekwisha, anaamka anampa mwenzake mkono. Oktoba 2018 McGregor aligonga mbele ya Khabib, na alirudi kupigana bila mtu kumwita mwoga kwa ajili ya hilo. Katika ngumi, kukubali yaishe ni fedheha ya milele. Roberto Durán alipomgeuzia mgongo Sugar Ray Leonard kule New Orleans, Novemba 1980, alikuwa tayari mmoja wa mabondia wakubwa kuliko wote, na bado mpaka leo akitajwa linatajwa lile. Mchezo usiomruhusu mtu kusema basi unamsukuma afikie pale ambapo hawezi tena kusema chochote. Na glovu nene, ambazo mtu wa kawaida anadhani zinalinda kichwa, zinalinda zaidi mkono, ili kichwa kiendelee kupigwa raundi 12.

Sisi Zanzibar tulikuwa na jibu letu, la kukata mzizi kabisa. Ngumi zilipigwa marufuku miaka ya 1960, enzi za Mzee Karume, na marufuku ikadumu karibu miaka 60. Vizazi vilikua bila kuona pambano la kulipwa visiwani. Marufuku ikaondolewa chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, na 2023 ulingo wa kulipwa ukasimama tena Unguja. Wenye kuona marufuku ile ilikuwa ubabe tu, na wenye kuona ilikuwa huruma, wote wana la kusema. Ninachokiona mimi ni kwamba haikumzuia Mzanzibari kupigwa. Ilimfanya apande boti akapigiwe Dar. Na ngumi ziliporudi, zilirudi zikiwa biashara kamili, na televisheni yake, na wadhamini wake, na Mandonga wake.

Karim Mandonga ninamtaja kwa mapenzi. Huyu alipata jina kubwa hasa baada ya kupigwa, Songea 2022, na Shaban Kaoneka, kwa sababu kabla ya pambano alikuwa ameitangaza ngumi yake kwa jina utadhani dawa mpya, na kupigwa kwake kukawa mwisho mtamu wa utani. Waliomshinda hawakujulikana kama yeye. Unaweza kucheka, nami nilicheka. Lakini hebu fikiria bondia kijana anajifunza nini pale: kwamba soko linanunua maneno na linanunua kuanguka, na ufundi unaweza kusubiri. Desemba 2024 bondia mwingine, si wa utani, alikufa Dar es Salaam baada ya pambano. Magazeti yaliandika siku mbili tatu.

Pemba tunao pia mchezo wetu wa ng'ombe, ambao wengi husema ni mabaki ya Wareno. Fahali anafungwa kamba, vijana wanamchokoza kwa kitambaa na kumkimbia, kina mama wanaimba, ngoma zinalia. Hauawi. Jioni anarudi zizini kwake, na mwenyewe yupo palepale uwanjani, hivyo akiumia anajulikana wa kumuuguza. Sisemi ng'ombe anatendewa vyema kuliko bondia. Naam, labda nasema.

Sasa mashindano yenyewe yanabadilika sura. Mwaka 2025 TKO, kampuni inayomiliki UFC, iliungana na Wasaudi kuanzisha kampuni ya ngumi, na Septemba ya mwaka huo Dana White ndiye aliyekuwa mbele kama promota pale Terence Crawford alipomshinda Canelo Álvarez huko Las Vegas, likionyeshwa na Netflix. Wakati huohuo bunge la Marekani limepelekewa muswada wa kuiongezea ile sheria ya Ali mlango wa pembeni: kampuni moja iruhusiwe kuwa na mabondia wake, orodha yake na mikanda yake. Yaani mfumo wa kizimba uhamie ulingoni. Wanaouunga mkono wanaahidi malipo ya chini kabisa kwa kila raundi na bima, na kwa bondia wa chini, yule wa mapambano ya mwanzo jioni, hilo si jambo dogo hata kidogo. Magendo hayajawahi kumpa bima mtu. Wanaoupinga wanasema wakubwa watapoteza nguvu ya kuuliza nani anaongeza. Kwa hiyo vijana wangu wa barazani wanaendelea kubishana ngumi au MMA, na wenye mali wameshaoana.

Haya yote ningeyaacha yabaki mawazo ya kahawa kama mpwa wangu asingenipigia simu. Ana miaka 21, mwepesi, mikono mirefu. Msimu ukifika anachuma karafuu, msimu ukiisha anachuma chochote. Amefanya mazoezi miaka miwili, na promota mmoja wa Dar amemtumia mkataba. Akanitumia picha yake niusome, na akaomba nauli. Ni ukurasa mmoja. Unasema kwa miaka mitano hatapigana kwa mtu mwingine bila ruhusa. Unasema promota ndiye pia meneja. Hakuna neno hata moja kuhusu hospitali.

Nikamwambia hayo yote, kwa utaratibu, kama nilivyokuandikia hapa msomaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtoto mwenye adabu, kisha akaniuliza:

"Sasa mjomba, na huo mkarafuu nnaopanda una karatasi?"

Nilinyamaza, kwa sababu hauna. Ile fidia ya shirika anaijua. Anajua pia kwamba anachuma kwa pishi katika shamba la mtu aliyelikodi kwa mtu, na kwamba siku akianguka wa kwanza kumfikia atakuwa mchumaji mwenzake, na gari itakuwa ya kuombwa. Kwake yeye, promota anampa angalau ukurasa. Ana jina lake limeandikwa juu.

Nilichoweza kumwambia ni kidogo. Amrudishie mtu yule karatasi aongeze mistari miwili kwa maandishi: nani analipa akilazwa, na ni lini anaweza kuondoka. Nikamwambia pia apimwe kichwa kabla ya pambano la kwanza, ili siku za mbele kijulikane kilivyokuwa. Vipimo nitalipa mimi. Akasema sawa mjomba. Wiki ya pili akanitumia jibu alilopewa, kwamba mabondia wote wanasaini hivyohivyo na hajawahi kutokea wa kuuliza. Nikamwambia awaulize tena.

Nauli bado iko kwenye simu yangu. Mvua za vuli zimeanza, na ananiambia mwaka huu karafuu ni nyingi, kwa hiyo yuko mitini mpaka zitakapokwisha.